Gauni la Séverine

Épiphanie alikuwa na mazoea yaliyowachekesha wenzake wote chuoni. Akiletewa nguo ya kupunguza, hakimbilii mkasi. Kwanza anaigeuza ndani nje, anaitandaza juani, halafu anaisoma. Ndiyo, anaisoma, kama wewe unavyosoma hapa. Alikuwa akisema nguo haisahau sindano. Ukifumua mshono, matundu yanabaki, na kwenye matundu yale utajua mwenye nguo alinenepa lini, alikonda lini, alibeba mimba ngapi na ipi haikufika. Wenzake walipenda picha za mitindo ya mjini kwenye simu. Yeye simu yake ilijaa picha za kola za zamani, mikono ya puto ya bibi harusi wa miaka hiyo, na mapindo ya magauni ambayo wenyewe walishazikwa.

Alikuwa mwaka wa pili wa ubunifu wa mavazi pale Mpanda mjini, umri miaka ishirini na mbili. Alipanga chumba Makanyagio na mwenzake wa darasani, Nyanzala, binti wa Kisukuma mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Barazani waliweka cherehani moja, wakawa wanabana na kufungua nguo za watu ili mkono uende kinywani.

Nikupe kisa kimoja kidogo cha barazani hapo, maana utakihitaji huko mbele. Siku moja alikuja binti aitwaye Happiness, ana gauni la kung'aa mkononi.

"Dada fundi, nibanie hapa kiunoni. Jumamosi nina sendofu."

Épiphanie akaligeuza, akalisoma. "La kwako hili?"

"La binamu yangu. Kaniazima."

"Basi silibani kwa cherehani. Nitalishikiza tu kwa mkono, ukimaliza shughuli unavuta uzi, linarudi lilivyokuwa."

"Jamani, si hatajua!"

"Akija kulitaka gauni lake akakuta si saizi yake, utamwambia nini?"

Nyanzala akadakia akiwa na pini mdomoni, "Dada, wewe cheza taratibu tu huko ukumbini. Huyu na sheria zake, utakata keki gauni likikudondoka mguuni."

Wakacheka wote watatu. Lakini Épiphanie hakubadili neno. Nguo ya kuazima hushikizwa, haipunguzwi. Akatoa uzi wake wa kijani kibichi, ule uliokaa dukani mpaka ukakosa mnunuzi, akashikiza. Uzi ule aliutumia kwa kazi za muda peke yake, kwa sababu hakuna nguo uliyofanana nayo, na jicho haliwezi kuukosa wakati wa kuutoa.

Mwezi wa kumi, jua likiwa limekausha kila kitu, baba yake alipiga simu kutoka Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi zamani. Bibi anakuita. Njoo na futi yako.

Bibi Séverine alikuwa amekonda. Miaka yote alikuwa mwanamke mzito, wa kubeba mafungu ya tumbaku kutoka shamba mpaka bani, lile banda la kukaushia, bila kupumzika. Sasa alikaa kwenye mkeka kama nguo iliyovuliwa. Madaktari walishasema la kusema kuhusu moyo wake, na yeye alishalisikia.

"Fungua sanduku, mwana wanje," akamwambia. "Chini kabisa."

Ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge vyote, kulikuwa na kifurushi kilichoviringishwa kwa majani makavu ya tumbaku ili wadudu wasisogee. Épiphanie akayaondoa jani kwa jani. Likatokea gauni la bluu lililopauka, kola nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, vifungo vinne vya mfupa. Moyo wa mwanafunzi yule ukaruka. Alikuwa ameona magauni ya namna hiyo kwenye picha tu: sare ya wasichana wa shule ya masista, ya zamani kule Burundi.

"Nyogokuru!" akamwita bibi kwa Kirundi. "Hili umelificha miaka yote?"

"Ndilo nililokimbia nalo Burundi, mwaka sabini na mbili. Nataka nizikwe nalo. Lakini ona." Bibi akainua mkono, ngozi ikaning'inia. "Litanipwaya. Lipunguze, linikae. Kabla ya mvua, mwana wanje. Mimi mvua siifikii."

Usimlaumu Épiphanie kwa nitakalosema sasa. Machozi yalimtoka kweli, lakini nyuma ya machozi kulikuwa na fundi, na fundi yule alishaanza kulisoma gauni. Aliona nafasi ya mshono iliyoachwa kubwa, ya msichana anayetarajiwa kukua. Aliona kiraka kidogo ndani ya kola. Akaona jambo jingine, ambalo hakulisema: mishono yote ya mkono ililalia upande usio wa kawaida. Aliyeshona alitumia mkono wa kushoto. Na bibi yake, tangu amjue, alikuwa akitumia wa kulia.

Akampima, akaandika, akaondoka na gauni.

Chuoni, mwalimu wao Madam Mercy alilitazama kwa muda mrefu bila kuligusa. Kazi yao ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo: vazi jipya linalotokana na vazi la kale, pamoja na historia yake. "Epi, una bahati," akasema. "Lakini ukilikata hili, umeua ushahidi."

"Silikati, Madam. Nalibana tu pembeni. Bibi analihitaji."

Jumatatu mchana, akiwa nyumbani peke yake, alilibana. Mbavu zote mbili, inchi mbili kila upande, kwanza kwa uzi wa kijani ili ajaribu kabla ya kupitisha cherehani. Akalivalisha sanamu yao ya mbao ya kupimia nguo, akaenda gengeni kununua nyanya. Hakukaa robo saa. Aliporudi, gauni lilikuwa limejaa kifuani, limeshuka vizuri, na mbavu zimefunguka.

Alidhani mishono imeachia. Akasogea. Uzi haukukatika. Uzi haukuwepo. Akapiga magoti, akatafuta sakafuni, chini ya cherehani, ndani ya kapu la vitambaa. Hata kipande cha urefu wa kucha hakukiona. Na alipokuwa chini pale, pindo la gauni likamgusa shavuni. Lilikuwa na unyevu. Lilikuwa na ubaridi wa nguo ya mtu aliyepita kwenye majani marefu asubuhi, wakati Mpanda nzima mwezi ule haikuwa na jani bichi.

Nyanzala aliporudi alikuta mwenzake ameketi kizingitini.

"Umefumua wewe?"

"Nifumue nini? Mimi nilikuwa sokoni tangu saa nne, muulize muuza dagaa, tumegombana mpaka tumekuwa ndugu."

"Nyanzala, sitanii."

Nyanzala akamwangalia usoni, kicheko kikaisha. Akaenda akashika pindo, akaurudisha mkono haraka na kuupangusa kwenye sketi. "Hii imelowa nini?"

"Sijui."

"Epi, rudisha hiyo nguo kwenye majani yake."

Lakini bibi alikuwa anasubiri. Jumatano akalibana tena kwa uzi ule ule, safari hii akikaa hapo hapo, macho hayabanduki. Likatulia. Akaona ni uchovu tu ule wa Jumatatu. Akainama kuwasha pasi ya mkaa, akapuliza makaa mara tatu, akainua kichwa. Mbavu zilikuwa wazi, uzi haupo. Pindo lilikuwa linadondosha maji, tone moja, halafu jingine, na sakafu ikawa inayanywa.

Mara ya tatu, jioni hiyo hiyo, hakuthubutu nyumbani. Alilibania chuoni, Madam Mercy akalifungia kabatini, funguo akaweka mfukoni mwake mwenyewe. Asubuhi yake walifungua wote wawili. Madam alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole penye mshono usiokuwepo.

"Labda hukulibana," akasema taratibu.

"Uliniona nikilibana, Madam."

Madam alinusa gauni. "Linanuka mvua," akasema, akalirudisha mkononi mwa Épiphanie, akaenda kufungua madirisha yote, moja baada ya jingine, ingawa darasa lilikuwa halijajaa.

Saa saba mchana wenzake walipokwenda kula, Épiphanie alibaki. Alikuwa na swali la fundi, na swali la fundi hujibiwa kwa kuvaa. Gauni hili ni la mwili gani? Akavua nguo zake, akaliingia.

Likamkaa. Halikumkaa kama nguo za mitumba zinavyokaa, kwa kubahatisha. Lilimfuata. Bega la kushoto la Épiphanie lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kilema ambacho alizoea kukificha kwenye kila nguo aliyojishonea, na bega la kushoto la gauni lilikuwa limeshushwa kiasi hicho hicho. Kiuno chake kilikaa penye kiuno. Pindo, baridi, likamlala muundini. Akasimama mbele ya kioo kirefu. Kola ilikuwa imepinda, na mkono ukapanda kuinyoosha, ukaigeuza, ukaibonyeza kwa vidole viwili jinsi mwanafunzi wa masista anavyojikagua kabla ya misa.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Épiphanie hatumii mkono wa kushoto. Na hakuwa ameuamuru.

Alilivua kwa haraka hadi kifungo kimoja kikaachia. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, woga haukumzuia kusoma. Akakifumua kile kiraka ndani ya kola. Chini yake kulikuwa na herufi za uzi mwekundu, ndogo, safi, zilizolalia upande ule ule usio wa kawaida: *Séverine*.

Jina la bibi. Lakini si mkono wa bibi. Jioni haikumkuta Mpanda.

Alimkuta bibi nje, kwenye kivuli cha bani, shangazi yake Immaculata akimpepea kwa kipande cha boksi. Shangazi alipoona sura ya yule binti, akasema anakwenda kuangalia maharage.

"Hujalileta likiwa limekwisha," bibi akasema, macho kwenye mfuko.

"Linakataa, Nyogokuru. Nimelibana mara tatu. Linafunguka lenyewe."

Épiphanie alitegemea bibi acheke, au aseme sala. Bibi alifumba macho tu. "Na pindo?"

"Limelowa."

"Ehe," bibi akasema, kama mtu aliyesikia hodi aliyoitegemea siku nyingi.

"Nyogokuru, Séverine wa mkono wa kushoto ni nani?"

Kuku wakaanza kupanda kulala. Halafu mwanamke yule akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mumewe, wala mtoto wake hata mmoja.

"Dada yangu. Mimi naitwa Vénérande."

Walikimbia mauaji nyumbani wakiwa wengi, wakabaki wawili. Yeye miaka kumi na minne, dada yake kumi na saba, katoka shule ya masista na sare yake, ambayo aliishona mwenyewe na kuitia jina kwenye kola ili isipotee kwenye kufua. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, majani marefu kuwapita. Séverine akashikwa na homa. Siku ya tano miguu ilimgoma. Chini ya jiwe kubwa walipojikinga palikuwa na mama mmoja mwingine na kizee, nao wameshindwa kuendelea. Gauni la Vénérande lilikuwa limechanika hadi kifuani. Séverine akavua la kwake, akabaki na shuka.

"Akanivisha yeye mwenyewe. Akaninyooshea kola. Akasema, vaa, utanirudishia nikifika. Nikamwacha chini ya jiwe, nikaondoka na kundi jingine lililokuwa linapita. Sikugeuka nyuma, mwana wanje. Niliogopa nikigeuka nitabaki."

"Na jina?"

"Huku Tanzania walikuwa wanatuandika wakimbizi, foleni ndefu. Mwandishi aliniuliza kwa Kiswahili, sikuelewa. Alikuwa amechoka, maskini mtu wa watu. Akaona herufi kwenye kola, maana kiraka nilikitia baadaye tu, akageuza, akaandika. Nilielewa alichofanya. Ningeweza kutikisa kichwa. Nikanyamaza. Nilifikiri, dada akija akajitaja jina, watalikuta kwenye kitabu, watamleta nilipo. Kila karatasi iliyokuja nyuma, nikalitaja hilo hilo. Nikaolewa nalo. Nikapata uraia nalo. Nilikuwa namwekea alama ya njia."

Akashika mkono wa mjukuu. "Hakuja. Sasa naenda mimi. Nilitaka nimfikishie gauni lake, na nguo mtu huibebaje safari kama hiyo asipoivaa?"

Na hapo, rafiki yangu, Épiphanie akakumbuka baraza, na Happiness, na gauni la kung'aa. Alijiona mjinga. Alikuwa amempa kila mteja wa Makanyagio heshima ambayo hakumpa yule msichana wa chini ya jiwe.

"Nyogokuru, hili ni la kuazima."

"Ndiyo."

"Mimi nguo ya kuazima siipunguzi. Na wewe ukimpelekea gauni lililobanwa inchi mbili kila upande, atavaa nini?"

Bibi alimtazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Épiphanie akaona kwamba anacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na pumzi ya kutosha. "Angenipiga," akasema. "Alikuwa anapenda nguo zake, yule! Angenipiga kofi mbele ya malaika."

"Basi utalibeba mkononi, limekunjwa. Na wewe utavaa la kwako. Nitakushonea."

Ijumaa ya wiki ile alirudi Mpanda, akanunua kitambaa cha bluu, akakata patani ya vipande vya gauni kwa magazeti: kola ile ile, vifungo vinne, lakini vipimo vya mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye mabega sawasawa. Nyanzala alishona tundu za vifungo bila kusema utani hata mmoja, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha. Gauni la zamani lilining'inia kwenye sanamu muda wote. Halikufanya lolote. Lakini kila Épiphanie alipoinamia cherehani, shingo yake ilihisi ubaridi wa mtu anayechungulia kazi, na mara moja alijikuta anasema kwa sauti, bila kugeuka, "Sijakosea, nimeacha nafasi ya mshono." Nyanzala akatoka nje akaenda kukaa kwa jirani.

Jina alilitia mwisho, ndani ya kola, kwa uzi mwekundu: *Vénérande*.

Alifika Katumba Jumanne ya wiki iliyofuata, gauni limebaki pindo tu, limeshikwa kwa pini. Alitaka bibi avae kwanza ndipo apime urefu. Bibi hakuweza tena kusimama. Akaomba ashike kola. Kidole chake kikapita juu ya herufi moja moja.

"Niite," akasema.

"Vénérande."

"Tena."

Akamwita tena. Bibi akageuza uso ukutani, akalia kidogo, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya kuagiza chumvi, "Msalabani waandike lile la kwenye karatasi. Usibishane na baba yako. Dada yangu hana kaburi. Acha apate la kwangu. Mimi jina langu nitalivaa."

Magauni yote mawili wakayaweka ndani ya sanduku. Épiphanie akasema pindo atalimaliza kesho. Alfajiri ya kesho yake bibi alikuwa ameshakwenda.

Wanawake walimwosha. Shangazi Immaculata akafungua sanduku, akamwita mpwa wake aje amvishe, maana yeye ndiye aliyejua mambo ya nguo ile. Épiphanie akaja na sindano mkononi, anaomba msamaha. "Shangazi, nipeni dakika kumi. Pindo bado. Lina pini tu."

"Pini zipi?" shangazi akauliza.

Épiphanie akalichukua gauni jipya, akaligeuza ndani nje. Pini zilikuwa zimechomwa kwa mpangilio ndani ya kola, zote kumi na mbili, karibu na jina. Pindo lilikuwa limeshonwa. Limeshonwa kwa mkono, mishono midogo, sawasawa, ya mtu aliyefundishwa na masista, na kila mshono ulilalia upande wa kushoto. Uzi wake ulikuwa wa kijani kibichi. Ulikuwa na mafundo madogo hapa na pale ulipounganishwa, kipande kwa kipande.

Alipapasa pindo lote kuzunguka. Lilikuwa kavu.

"Nani kashona?" shangazi akauliza. "Mbona uzi haufanani?"

"Fundi mwenzangu," Épiphanie akasema. Sindano aliichomeka kwenye kitenge chake, kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

Wakamvisha. Lilimkaa. Gauni la zamani alilikunja, akalilaza kifuani kwa bibi, mikono miwili juu yake, kama mtu anayekwenda kurudisha kitu na anaogopa kisichafuke. Mvua ya kwanza ilianza watu wakiwa wanatoka makaburini, na wale waliobaki nyuma waliona jina kwenye msalaba, Séverine, likilowa.

Chuoni, siku ya kukusanya kazi, Épiphanie aliweka mezani patani ya magazeti, vipimo, na kurasa nne za historia. Madam Mercy alizisoma zote akiwa amesimama.

"Na vazi lenyewe liko wapi?"

"Limevaliwa, Madam."

Madam akavua kofia ya kalamu yake, akaandika alama, na hakumwonyesha mtu mwingine ukurasa wa nne, ule wa pindo la uzi wa kijani.